Ukili wa bibi na karatasi yangu ya maswali

Msichana wa miaka kumi, hapa Mikindani, alikaa mbele yangu na karatasi ya michoro: maumbo manane, nafasi ya tisa wazi, achague linalofaa. Akakosa swali la pili, la tatu, la nne. Walimu wake walikuwa wameniita niwaambie kama ana kichwa kizito.

Jioni nilipita kwao. Bibi yake alikuwa barazani anasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, mjukuu pembeni anampa ukindu. Mara akamshika mkono: "Bibi, hapa umeruka." Nikainama kutazama. Ukindu mwekundu ulikuwa umepita juu mahali ulipotakiwa kupita chini, hatua nne nyuma. Bibi akafumua bila neno. Nami nikakaa kimya, maana swali nililomuuliza asubuhi lilikuwa hilo hilo: uone mpangilio, ujue kinachofuata.

Sisi wanasaikolojia wa elimu tumeshaonywa. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa penseli Waingereza walishinda. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huuchezea wakitengeneza magari, Wazambia wakawapita. Kwa udongo wakalingana. Aliyeshika penseli peke yake angeandika nini kuhusu wale Wazambia?

Hata Alfred Binet, aliyetunga kipimo chake cha akili na Théodore Simon mjini Paris mwaka 1905, alikuwa anatafuta watoto wa kusaidiwa darasani. Mwanasaikolojia Howard Gardner naye alitaja aina saba za akili mwaka 1983. Zinanifaa ninapozungumza na walimu, ila ushahidi wa kuzipima mojamoja ni haba.

Njia ninayoiamini ni kupima, kufundisha, kisha kupima tena. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliijaribu kwa wanafunzi wa Bagamoyo: mafunzo hayakufika saa moja, alama zikapanda, na aliyekuwa nyuma mwanzoni hakubaki nyuma lazima.

Basi kesho yake nilirudi shuleni na ukindu wa rangi tatu. Nikaanza mpangilio mezani, yeye akaumalizia, kisha tukauhamishia kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kwa dakika ishirini. Nikampa michoro mipya sita. Akapata mitano. Kwenye ripoti nimeandika alama zote mbili, na zile dakika ishirini katikati.