Kabla hujaisimulia dondoo, isome santuri yenyewe

Sisi wakusanyaji wa santuri hapa Kampala tunapenda dondoo: nani aliimba nini, nani alichukuliwa sauti bila jina lake kutajwa, wimbo gani ulitupwa upande B ukaupiku upande A. Dondoo nyingi za soul, fanki na disko zinazotembea mdomo kwa mdomo zina ukweli nusu. Nusu inayobaki ingeweza kurekebishwa na mtu yeyote aliyeishika santuri, akaigeuza na kuisoma. Kwangu mimi dondoo yenye thamani ni ile unayoweza kumwonyesha mwenzako kwenye lebo, kwenye pete ya ndani, au kwa saa ya kuhesabu sekunde.

Mfano mzuri ni Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kamerun. Mwaka 1972 Kamerun iliandaa Kombe la 8 la Mataifa ya Afrika, na Dibango akatoa santuri ndogo ya wimbo wa mashindano. Wimbo wa kombe ulikaa upande A; "Soul Makossa" ulikuwa wa kujazia upande B. Nakala ikafika katika duka la Wakaribi huko Brooklyn, dijei David Mancuso akainunua na kuipiga kwenye dansi zake za The Loft, kisha mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni, WBLS ya New York. Atlantic wakachukua haki za kuitoa Marekani, na mwaka 1973 ikafika nafasi ya 35 kwenye chati ya Billboard. Kwa hiyo ukishika nakala yenye lebo ya Atlantic, umeshika zao la hadithi hiyo. Chanzo chake ni chapa ya Ufaransa ya lebo ya Fiesta, na ushahidi wake ni ule wimbo wa kombe upande wa pili. Anayekuuzia Atlantic kwa jina la "chapa ya kwanza" mwombe aigeuze.

Chini ya jina la wimbo kuna majina madogo ndani ya mabano. Hao ni watunzi, hata kama hawakuimba neno. Kwenye "Wanna Be Startin' Somethin'" mtunzi anayetajwa ni Michael Jackson peke yake, ingawa kile kiitikio cha mwisho kimetoka kwa Dibango. Mzee alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, 1979, inafundisha zaidi. Muziki wake umejengwa juu ya "Good Times" ya Chic. Chapa za mwanzo ziliwataja watu wa Sugar Hill, na baada ya malalamiko chapa zilizofuata zikawataja Bernard Edwards na Nile Rodgers. Wimbo ni uleule, ila mabano yanakueleza kama nakala yako ilitoka kabla au baada ya ugomvi. Vivyo hivyo "Tainted Love", ambao wengi wanaujua kwa Soft Cell wa 1981: mabano yana jina la Ed Cobb, na aliyeuimba kwanza ni Gloria Jones mwaka 1965, upande B wa "My Bad Boy's Comin' Home".

Pande B zina utajiri mwingi. "I Will Survive" ya Gloria Gaynor ilitoka 1978 ikiwa nyuma ya "Substitute". "Amen, Brother" ya The Winstons, 1969, ilikuwa nyuma ya "Color Him Father". Zile sekunde sita za ngoma za Gregory Coleman zimekatwa na kurudiwa katika maelfu ya nyimbo za hip hop na jungle. Ukiona lebo ya Metromedia, iliyotoa santuri hiyo ya The Winstons, kwenye rundo la soko, usiiache kwa sababu tu hulijui jina la upande A.

Lakini kuna mahali lebo inanyamaza, na hapo sikio linapaswa kufanya kazi. Disko iligeukia muziki wa hausi, na waimbaji wanawake weusi wenye sauti kubwa wakawa wanasikika kila mahali bila kuonekana. "Ride on Time" ya Black Box, 1989, ilichukua sauti ya Loleatta Holloway kutoka "Love Sensation" ya 1980, huku kwenye video akionekana mwanamitindo akifumbua mdomo tu. "The Power" ya Snap! ina sauti ya Jocelyn Brown. Martha Wash ndiye aliyefanyiwa hivi mara nyingi zaidi: anaimba kiitikio cha "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory, 1990, na video ikamweka mtu mwingine. Huyu ndiye nusu ya Two Tons o' Fun, waliomwitikia Sylvester kwenye "You Make Me Feel (Mighty Real)" mwaka 1978, kisha wakawa The Weather Girls wa "It's Raining Men". Alienda mahakamani, na baada ya hapo kampuni za rekodi zikaanza kuwa waangalifu kuhusu kutaja waimbaji. Zipige santuri hizi moja baada ya nyingine, utamtambua kwa jinsi anavyosukuma pumzi. Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, walifanya vivyo hivyo kwa wapiga vyombo: The Funk Brothers, akiwemo James Jamerson wa besi, walipiga karibu kila kibao cha Detroit miaka ya sitini, na majina yao hayakuandikwa hadi "What's Going On" ya Marvin Gaye mwaka 1971.

Sasa pete ya ndani. Ni ile sehemu laini isiyo na muziki, kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Lebo ni karatasi, na karatasi huchapishwa upya kirahisi. Kilichochorwa kwenye pete kilichorwa kwenye sahani ya laka (ile ambayo muziki hukatwa kwanza) kabla santuri haijazaliwa, au kwenye chuma kilichotokana nayo. Safisha kwanza. Vumbi letu jekundu hujaza michoro, na unyevu wa ziwani huleta ukungu. Lita moja ya maji yaliyochujwa chumvi, tone mbili za sabuni ya vyombo, kitambaa laini, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Maji ya betri ya vituo vya mafuta yanafaa, ila hakikisha si asidi, kwa maana huuzwa chupa zikiwa zimepangwa pamoja. Zile santuri nzee za kasi ya 78 zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huziyeyusha. Usizisogeze karibu nayo.

Namba ndefu utakayoiona ndiyo matriksi. Mkia wake, kama 1A, 1B au 2A, unataja laka iliyokatwa. Wengi hudhani 1A lazima itangulie 1B sokoni. Si hivyo. Laka kadhaa zilikatwa siku moja ili zipelekwe viwanda tofauti, kwa hiyo 1A na 1B zinaweza kuwa mapacha. Ukiona pembetatu ndogo na namba iliyochorwa kwa mkono, hiyo ni alama ya kiwanda cha Monarch, Los Angeles. Namba hizo zilipanda kadiri kazi zilivyoingia, hivyo zinasaidia kukadiria tarehe, na upande wa pili hurudia namba ileile ikiongezwa X.

Nakala nyingi za kasi ya 45 za Monarch ni za staireni, plastiki ngumu, si vinili. Ni nyepesi, ukiigonga kwa ukucha hulia juu, na lebo imegundishwa kama stika, wakati ya vinili imekandamizwa pamoja na sahani. Staireni huchakaa haraka chini ya sindano mbovu, na mkwaruzo unaosikika kwenye muziki hautibiki kwa kuosha.

Tamla Motown za Uingereza, zilizoanza Machi 1965, zilitengenezwa na EMI kiwandani Hayes, na EMI walikuwa na utaratibu mzuri kuliko wote. Shika santuri matriksi ikiwa chini, kwenye saa sita. Kwenye saa tatu (mkono wako wa kulia) utaona herufi, na kwenye saa tisa namba moja. Namba ya saa tisa ni ya sahani mama, yaani chuma kilichotokana na laka na kinachozaa mihuri. Herufi za saa tatu ni namba ya mhuri, chuma kilichokandamiza santuri yenyewe, zikifuata neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni sifuri. Nakala yenye GO ilitoka kwenye mhuri wa 15; RT ni wa 29. Mhuri wa namba ndogo unaweza kuwa na sauti kali zaidi kwa sababu sahani mama yake haijachoka. Ukipata santuri iliyoandikwa imetengenezwa Kenya lakini pete ina alama hizi, ujue chuma chake kilitoka Uingereza, na kazi ya Nairobi ilikuwa kukandamiza na kubandika lebo.

Pete hiyo pia huumbua bandia. Mfano maarufu ni Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", lebo ya Soul namba 35019, mwaka 1965. Haikuingia sokoni, nakala za majaribio ziliharibiwa na zilizojulikana kusalia ni chache mno. Mwaka 2009 moja iliuzwa zaidi ya pauni 25,000. Madijei wa kaskazini mwa Uingereza waliipiga kwanza kutoka nakala bandia zilizoficha jina, zikimwita mwimbaji Eddie Foster. Mwaka 1979 Tamla Motown waliitoa rasmi, kwa namba TMG 1170. Hiyo TMG ni halali na nzuri, lakini isilipiwe bei ya 1965. Dalili za bandia: lebo yenye ukungu kwenye maandishi madogo kwa sababu imepigwa picha kutoka lebo nyingine, matriksi ya kuchorwa kwa mkono pale ambapo asili imegongwa kwa muhuri, na mlio wa kukwaruza wa santuri iliyonakiliwa ukisikika hata sindano inapopita kwenye plastiki isiyo na doa.

Rangi ya lebo nayo husema. Stax ya buluu yenye rundo la santuri ni ya hadi 1968. Ya njano yenye vidole vinavyodata ni ya baada ya kuachana na Atlantic mwaka huo. Sam & Dave walikuwa wa Atlantic waliokopeshwa kwa Stax, ndiyo maana vibao vyao vya baada ya Mei 1968 viko kwenye lebo ya Atlantic.

Kuhusu muda, tahadhari mbili. Ya kwanza, lebo inaweza kudanganya makusudi. "You've Lost That Lovin' Feelin'" ya The Righteous Brothers, 1964, imeandikwa 3:05 na inakaribia dakika tatu na sekunde arobaini na tano. Phil Spector alihofia redio zingeikataa kwa urefu. Ya pili inatuhusu sana hapa. Mashine nyingi za santuri zilizoletwa kutoka Marekani zina mota inayofuata mapigo ya umeme, na umeme wa kule ni hezi 60, wetu ni 50. Transfoma unayonunua mjini hushusha volti 240 hadi 110 lakini haigusi hezi. Matokeo: santuri ya 45 huzunguka 37.5 kwa dakika, wimbo wa dakika tatu huchukua 3:36, na mwimbaji hushuka zaidi ya nusu-toni tatu. Hapo ndipo huzuka dondoo za "toleo la pekee la polepole". Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa santuri ya 45 na uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Ukipata 37 au 38, dawa ni puli ya hezi 50 ya mashine hiyo, kama inapatikana, au mashine nyingine. Zenye mota ya umeme wa moja kwa moja inayodhibitiwa kwa kwatsi, kama Technics SL-1200MK2, hazina tatizo hili.

Santuri za inchi 12 zenye wimbo mmoja zina chanzo chake. Mchanganyaji wa nyimbo Tom Moulton alikwenda kukata laka ya "I'll Be Holding On" ya Al Downing, fundi José Rodriguez akawa ameishiwa sahani za inchi 7 na kutumia kubwa zaidi. Mistari ikajikunyata mahali padogo, Moulton akataka itandazwe, na sauti ikapandishwa. Mistari mipana hubeba besi kubwa bila sindano kuruka. Hiyo ndiyo sababu madijei waliipenda. "Ten Percent" ya Double Exposure, lebo ya Salsoul, 1976, iliyochanganywa na Walter Gibbons, ndiyo inayohesabiwa ya kwanza kuuzwa madukani. Ukionyeshwa inchi 12 ya kibao cha soul cha 1968, hiyo ni chapa ya baadaye.

Kwetu, kazi ya kurekodi na kukandamiza ilikuwa Nairobi. Fred Masagazi alirekodi huko, na Mganda Charles Sonko alikuwa katika Equator Sound Band pamoja na Daudi Kabaka na Fadhili William. "Helule Helule" ya Kabaka iliimbwa upya na The Tremeloes na kuingia chati za Uingereza mwaka 1968. Wanaotafuta soul na fanki ya ukanda huu wasiwapite Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa, wala Matata, waliohamia London na kutoa rekodi kwa lebo ya President. Michael Kiwanuka, mwana wa wazazi wa Uganda aliyeshinda tuzo ya Mercury mwaka 2020, anapatikana kwa vinili mpya, na hapo mwenye haraka ataridhika.

Za Motown na Salsoul zimeshaorodheshwa na watu wengi. Za Kiluganda za Nairobi nyingi bado hazina orodha ya kuaminika, na karatasi za lebo zinaliwa na mchwa. Ukipata moja, hata iliyovunjika, andika namba ya lebo, majina ya kwenye mabano yalivyoandikwa bila kuyasahihisha, matriksi ya pande zote mbili, na muda uliopima mwenyewe kwenye mashine uliyoihakiki. Lebo ipige picha kwa mwanga wa mchana. Pete ipige kwenye chumba chenye giza, tochi ya simu nyingine ikiwa imelala karibu usawa wa santuri, kwa kuwa michoro hiyo huonekana kwa kivuli chake tu.