Idempotensi: dawa ya kukatwa pesa mara mbili

Unanunua umeme wa LUKU kwa simu. Umebonyeza "Lipa", kiduara kinazunguka wee, halafu mtandao unakata. Pesa imekwenda au haijakwenda? Unabonyeza tena. Baada ya dakika zinaingia meseji mbili kwa mpigo, tokeni mbili, na salio ulilotengea nauli ndiyo basi tena.

Programu iliyokufanyia hivyo imekosa sifa iitwayo idempotensi. Jina ni zito, na lilitungwa na mwanahisabati Mmarekani, Benjamin Peirce, mwaka 1870, lakini maana yake unaijua tangu utotoni. Mama akisema "ongeza jagi moja la maji kwenye ndoo", ukitii mara tatu yameingia majagi matatu. Akisema "hakikisha ndoo imejaa", hata akirudia mara kumi ndoo ni ile ile, imejaa. Agizo hilo la pili ndilo lenye idempotensi: ukishalitimiza mara moja, kulirudia hakubadilishi kitu. Kwenye HTTP, kanuni ambazo programu na seva (kompyuta ya upande wa huduma) huzitumia kuongea, amri za PUT (weka) na DELETE (futa) zimewekwa ziwe hivyo. POST (tuma), ambayo ndiyo kawaida ya maombi ya malipo, haina ahadi hiyo.

Kiini cha tatizo ni kimya. Simu isipopata jibu, haijui kama ombi lilipotea likienda au jibu lilipotea likirudi. Huku kwake yote mawili yanafanana, ila kwa moja pesa imeshakatwa. Kumwambia mteja "usibonyeze mara mbili" ni kumwonea tu.

Kwa hiyo ombi hupewa namba yake. Simu inatengeneza namba ya nasibu, kwa mfano UUID (namba ndefu isiyotarajiwa kujirudia popote), na kuituma pamoja na ombi. Seva inaihifadhi pamoja na jibu ililotoa. Likija ombi jingine lenye namba ile ile, haikati tena; inarudisha jibu lile la mwanzo. Stripe, kampuni ya kuchakata malipo mtandaoni, huipokea namba hiyo kwenye kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi lenyewe) kiitwacho Idempotency-Key, na huitunza kwa saa 24 au zaidi.

Wengi huteleza kwenye swali dogo: namba itengenezwe lini? Ukiitengeneza ndani ya fanksheni (kipande cha msimbo) inayotuma ombi, kila jaribio linapata namba mpya, na seva inaona malipo mawili tofauti. Nimewahi kuandika msimbo wa namna hiyo, tena nikautetea. Namba ni ya nia ya mteja, si ya jaribio: itengenezwe anapofungua ukurasa wa kulipa, na idumu hadi malipo yaeleweke.

Upande wa seva nako kuna mtego. Ukiandika "tafuta namba, isipokuwepo iingize", maombi mawili yaliyopishana kwa milisekunde chache yanaweza yote kuikosa, na yote yakakata. Iweke namba kwenye safu ya hifadhidata yenye sharti la UNIQUE, yaani thamani isijirudie, na uiingize kabla ya kugusa pesa. Hifadhidata yenyewe itamzuia wa pili mlangoni.

Na namba ile ile ikirudi na kiasi tofauti, mwanzo 5,000 sasa 50,000? Usianze kubahatisha mteja alitaka nini. Kataa ombi, rudisha kosa.