Mizani ya kliniki na sufuria ya nyumbani: kazi ya muuguzi kwa mgonjwa mwenye uzito mkubwa

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu hapa Tanga, mgonjwa hupita kwa muuguzi kabla hajamwona daktari. Muuguzi ndiye anayempima uzito mwezi hadi mwezi, kwa hiyo mazungumzo ya uzito yaanzie kwake, tena yaanze na kipimo sahihi.

Mizani ikae juu ya sakafu ngumu iliyo sawa na isome sifuri kabla mtu hajapanda. Mgonjwa avue viatu na buibui zito, aweke pembeni mkoba, simu na funguo. Mwezi huu akipimwa na viatu, mwezi ujao bila viatu, atapongezwa kwa kupungua ambako hakukutokea.

Baada ya hapo gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 84 mwenye urefu wa mita 1.60: 84 gawanya kwa 2.56, jibu ni karibu 33. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Mjamzito hapimwi kwa hesabu hii. Kiuno nacho kipimwe, futi kamba ikizunguka katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa. Mwanamke akifika sentimita 80, au mwanamume 94, hatari imeanza kupanda.

Namba hiyo isitangazwe mbele ya foleni. Aliyeaibishwa harudi, na asiporudi anakosa hata dawa zake za presha. Ni bora kuomba: "Mama, tuzungumze kidogo kuhusu uzito wako, utaniruhusu?" Kisha muuguzi aulize nani anapika nyumbani, na jana alikula nini tangu chai ya asubuhi.

Majibu yake ndiyo yenye kazi. Vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo 3 vya sukari, ni karibu gramu 48, na chakula chenyewe bado hakijaguswa. Upande wa nazi, kumwambia mtu wa Tanga aiache kabisa ni kumfukuza kliniki. Tui la kwanza ndilo lenye mafuta mengi, basi apikie tui la pili, na siku ya wali wa nazi mchuzi uwe wa nyanya. Samaki achomwe badala ya kuzama kwenye mafuta. Mchicha, bamia au matembele yachukue nusu ya sahani. Ramadhani ikikaribia, futari izungumzwe mapema: mihogo ya nazi, kaimati na juisi ya sukari visikutane mkekani jioni moja.

Wakubaliane jambo moja au mawili tu, yaandikwe kwenye kadi, na yaulizwe siku ya kurudi. Kwa mama yule wa kilo 84, kupungua kilo 4 kunatosha kuanza kusaidia presha na sukari. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kunafaa. Asiyeweza aanze na dakika 10.

Tahadhari kubwa ni kwa anayetumia insulini au glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Akikata mlo ghafla, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Daktari aipitie dozi kabla mlo haujapunguzwa.

Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikavimba na pumzi ikabana, hayo ni maji, si mafuta, na mgonjwa aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Naye anayepungua bila kujitahidi asipongezwe. Aulizwe kuhusu kikohozi, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara, kisha apimwe kifua kikuu, VVU na sukari.