Ukisema "mdudu wa malaria", unamaanisha yupi?

"Kisababishi cha malaria ni mbu." Sentensi hii imezoeleka hadi kwenye majibu ya mitihani, na si sahihi. Mbu ni mwenezi, au vekta: mdudu anayebeba kimelea kutoka kwa kiumbe mmoja hadi kwa mwingine. Kisababishi ni kimelea chenyewe, Plasmodiamu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno mdudu. Vekta ni neno la Kilatini lenye maana ya mchukuzi, kwa hiyo halichanganyi mchukuzi na mzigo. Sisi vyote viwili tumeviita mdudu. Mwenye mbu chumbani analalamikia wadudu. Aliyetoka maabara naye anasema amekutwa na "wadudu wawili". Hao wa pili ni vimelea, ambavyo mpimaji huvihesabu kwa darubini huku akihesabu chembe nyeupe za damu, kwa kawaida hadi 200. Kijidudu kilibebeshwa viambishi viwili vya udogo, ki- na -ji-, kisaidie kutofautisha, lakini katika mazungumzo kinarudi kuwa mdudu. Neno usubi limezidi: ni jina la inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na ni jina la ugonjwa wenyewe, unaotokana na minyoo ambayo inzi hao hueneza.

Tena mchukuzi huyu si sindano. Mbu jike wa Anofelesi, jamii ya mbu inayoeneza malaria, hazaliwi nayo, huipata kwa mgonjwa. Vimelea huzaliana kwenye ukuta wa tumbo lake, kisha huhamia kwenye tezi za mate, safari ya siku 10 hadi 14 hivi kutegemea joto. Akifa kabla ya hapo, hajamwambukiza mtu. Kinachoingia mwilini mwako ni mate yake, si damu ya aliyeumwa kabla yako. Virusi vya UKIMWI humeng'enywa tumboni mwake pamoja na damu hiyo.

Wala kunyonya damu pekee hakumfanyi mdudu kuwa mwenezi. Kunguni hunyonya usiku kucha, lakini haijathibitika kwamba huwaenezea watu ugonjwa. Kupe hueneza, ingawa ana miguu 8 na ni ndugu wa buibui. Hilo la kumwita mdudu tulisamehe.

Basi anayesema amekunywa dawa ya kuua wadudu hajakosea sana, ila dawa hiyo haimgusi mbu aliye ukutani, kama ambavyo chandarua hakiwezi kukitoa kimelea kilichokwisha kuingia kwenye ini. Aseme tu vimelea, na mbu abaki na kosa lake la kueneza.