Kwa nini sukari ya wagonjwa wangu hupanda wakati wa kusi

Mwaka wangu wa kwanza katika kliniki ya kisukari na presha hapa kisiwani Lamu niliamini kwamba wagonjwa wangu ni wakaidi. Mtu anakuja Februari, sukari yake kabla ya kula ni 7. Anarudi Juni ni 19. Ukimuuliza kama anameza dawa, anakujibu, "Nameza, daktari." Basi mimi nahutubia. Nataja figo, macho, mishipa ya miguu. Wananisikiliza kwa adabu yote, wananiombea dua, wanaondoka. Julai wanarudi na 21.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mvuvi wa pweza kutoka kisiwa cha Pate. (Yeye na wengine ninaowasimulia hapa, nimebadilisha mambo yao kadhaa wasitambulike.) Siku hiyo nilikuwa nimechoka na hotuba yangu mwenyewe. Nikamuuliza tu, "Baba, mwezi huu ulikwendaje?" Akasema, "Bamvua zote mbili pepo hazikuniata kushuka mwambani. Sikuuza kitu."

Kwa wasomaji wa bara: pepo hapa ni upepo, hazikuniata ni hazikuniacha, na bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Yanajaa sana na yanakupwa sana, na yakikupwa mwamba unabaki wazi, mtu anatembea juu yake na mkuki wake akitafuta pweza mashimoni. Katikati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana, na mvuvi wa mwambani hana pa kukanyaga. Kwa hiyo mtu huyu ana mishahara miwili kwa mwezi, na yote miwili iko mikononi mwa mwezi na upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba unavuma kusi, upepo wa kusini. Juni na Julai bahari ya nje huchafuka, na bamvua inaweza kuja ikapita bila mtu kushuka.

Nikamwomba anitolee dawa zake. Vidonge vya siku 30 nilivyompa, alikuwa navyo zaidi ya nusu, na ilikuwa siku ya 34. Hakunidanganya aliposema anameza. Alikuwa anameza kimoja pale nilipoandika viwili, kwa sababu hakujua atapata lini nauli ya boti ya kuja kuchukua vingine. Na siku ambazo hakukuwa na chakula hakumeza kabisa. Hili la pili ndilo lililoninyamazisha. Miongoni mwa dawa zake ilikuwa glibenklamaidi, ambayo kazi yake ni kuilazimisha kongosho itoe insulini zaidi. Ukiimeza halafu usile, sukari inashuka chini ya inavyotakiwa: jasho la baridi, mikono kutetemeka, kuona giza, na wengine huzimia. Mzee huyu lilishampata mara moja akiwa ndani ya mtumbwi, peke yake. Tangu hapo akajiwekea sheria yake: hakuna chakula, hakuna kidonge. Mimi ningemwambia hivyo hivyo kama angeniuliza. Hakuniuliza, kwa sababu nilikuwa nahutubia.

Kuna jambo la pili linalotokea wakati wa kusi, nalo liko jikoni. Pesa zikikatika watu wanakula kwa daftari la duka. Duka linakopesha mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta. Samaki hana daftari, na mboga nyingi zinatoka Mpeketoni na Hindi, sehemu za Lamu zilizo bara, zinavushwa kwa boti kutoka Mokowe, zinauzwa kwa taslimu. Matokeo yake mgonjwa wa kisukari anakula mahamri na chai ya sukari asubuhi, wali mtupu au wa kitoweo kidogo mchana, na usiku kilichobaki. Dawa zimepungua na wanga umeongezeka, vyote kwa mwezi mmoja. Ile 19 haina muujiza wowote.

Na siasa? Msomaji mmoja aliniandikia kwamba tabibu abaki na vidonge vyake. Nimejaribu. Siasa inaingia kliniki na mgonjwa, inakaa naye kwenye benchi.

Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, Lamu ikawekewa marufuku ya kutoka usiku, na uvuvi wa usiku ukakatazwa kwa miaka kadhaa. Hofu ilikuwa ya kweli na wafu walikuwa wa kweli, sibishani na hilo. Lakini yapo mavuno ya bahari ambayo ni ya usiku, na nyumba zilizoyategemea zilipunguziwa kipato kwa amri moja. Mwaka 2018 serikali ilipositisha ukataji wa miti nchi nzima, wakata mikoko wa huku nao wakaingia humo. Na kuna bandari mpya ya Lamu. Ule uchimbaji wa mkondo wa meli uliharibu maeneo ya uvuvi ambayo watu waliyajua kwa majina, na mwaka huo huo wa 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likazinduliwa Mei 2021. Fidia ikaingia katika rufaa na mazungumzo, na orodha za majina zikazua mivutano.

Nataka kueleza fidia inayosubiriwa inavyofanya kazi ndani ya mwili wa mtu. Nilikuwa na mgonjwa, mvuvi wa nyavu, aliyekatwa na tumbawe chini ya kidole gumba cha mguu. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za miguu, kwa hiyo hakusikia maumivu. Damu ndogo, maji ya chumvi, basi. Wiki ya tatu nikamwambia kidonda hiki kinataka hospitali kubwa zaidi, Malindi au Mombasa. Akaniambia, "Fidia iko njiani, daktari. Nikilipwa tu nakwenda." Hakuwa anaota. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, alishahakikiwa, na mwenye duka alikuwa akimkopesha kwa sababu ya jina hilo hilo. Kila wiki kulikuwa na mkutano, na kila mkutano ulisema wiki ijayo. Pesa ambayo haijafika ilimfanya asiombe msaada, maana mtu anayesubiri fidia akianza kuomba mchango msikitini watu watamwonaje? Alipokubali kupelekwa, kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Walikata viwili.

Angeambiwa tangu mwanzo kwamba hakuna kitu, angekwenda wiki ile ya tatu. Nina hakika na hilo.

Sasa mchango. Watu wetu wanajua kuchangiana, na nimeshuhudia Ijumaa moja ikamaliza gharama ya upasuaji mzima. Lakini nimegundua kwamba watu huchangia kisu, hawachangii kidonge. Upasuaji una tarehe, una mgonjwa kitandani, una mwisho. Kisukari hakina mwisho. Nani atasimama baada ya swala kila mwezi, miaka 20, kusema fulani anahitaji vidonge na vijiti vya kupimia? Mgonjwa mwenyewe angeona haya. Kwa hiyo jamii yenye huruma kubwa inakaa kimya kwa miaka 15 wakati dawa chache zingetosha, kisha inajitokeza kwa wingi siku mguu unapokatwa. Nikilisema hili wengine hukasirika. Silisemi kwa kulaumu, maana mimi pia nimechangia kisu zaidi ya kidonge.

Wagombea wanalijua hili kuliko sisi matabibu. Ukikaribia uchaguzi, bili za hospitali hulipwa na watu ambao hawakuwahi kumuona mgonjwa. Binti wa mgonjwa wangu mmoja alizunguka na barua ya daktari kwenye ofisi tatu za kampeni na akapata pesa mara mbili. Mama yake figo zilikuwa zimeshindwa. Figo zikishindwa, damu inasafishwa kwa mashine mara 2 au 3 kila wiki, maisha yote, isipokuwa mtu apandikizwe figo nyingine. Pesa ya kampeni ililipia wiki chache. Binti alimshukuru mgombea kwa moyo wote na akamfanyia kazi. Uchaguzi ulipopita, simu haikupokelewa tena. Simlaumu binti hata chembe.

Kinachofaa kwa ugonjwa wa namna hii ni bima, na hapo ndipo wagonjwa wangu wamechanganyikiwa zaidi tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Nieleze kwa ufupi ninavyowaeleza. Zamani asiye na ajira rasmi alilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi. Sasa mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua 300 kwa mwezi. Mwajiriwa anakatwa kwenye mshahara. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu maisha yake, mfumo unamkadiria kipato, na mchango unatakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Hata kile cha chini ni 3,600 kwa mpigo. Wazo la kuwa mwenye zaidi amchangie mwenye kidogo nalikubali kabisa. Shida ni kwamba mvuvi wa pweza hana mwaka. Ana bamvua. Baadaye ukaja mpango wa kulipa kidogo kidogo, Lipa SHA Pole Pole, na kwa wengine umesaidia.

Lakini yale maswali! Yanauliza nyumba yako kuta zake ni za nini, paa ni la nini, choo cha namna gani. Nina mgonjwa, mjane wa mjini, anayeshona kofia za vito na kuuza viazi vya karai mlangoni. Anaishi katika nyumba ya mawe ya babu yake, ya matumbawe na chokaa, ile ambayo watalii hupiga picha, zidaka ukutani, boriti za mikoko darini. Nyumba ni ya warithi wanane, haiuziki bila wote kukubali, dari la chumba cha nyuma limeshuka, na mvua za masika analala na ndoo mbili. Alijibu kweli: kuta ni za mawe. Akakadiriwa mara kadhaa ya kiwango cha chini. Aliniuliza, "Mwanangu, ningesema ni za makuti?" Nikamwambia hapana, Bi, omba ukaguliwe upya. Nilijisikia vibaya kusema hivyo. Kukaguliwa upya ni kwenda na kurudi, na siku aliyokwenda hakukaanga viazi.

Kwa wote nawaambia jambo moja: jiandikishe, hata kama huna cha kulipa leo. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na serikali kwa aliyeandikishwa, na ndiko presha na sukari zinakopaswa kufuatiliwa. Dawa zikikosekana huko, na hukosekana, njoo uniambie mapema, usisubiri ziishe kabisa.

Nimebadilisha ninavyofanya kazi. Machi, kaskazi, upepo wa kaskazini, inapokaribia kuisha, watu wa mwambani nawapa dawa za miezi 2 au 3 ghala likiruhusu, ili kusi iwakute nazo. Glibenklamaidi nimewaondolea wengi wao, maana dawa inayoadhibu njaa haimfai mtu ambaye njaa yake ina msimu. Wa insulini wasio na friji nawaonyesha mtungi: chupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndani ya mtungi mdogo, na mtungi huo ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kivulini, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Haupatikani ubaridi wa friji, lakini dawa haipikwi na joto la bati.

Na siulizi tena, "Unameza dawa?" Nauliza deni la duka limefika ngapi. Mwanzoni waliona ni utovu wa adabu, kijana kuuliza deni la mtu mzima. Ilibidi nieleze kwamba nikijua deni najua kinacholiwa, na nikijua kinacholiwa najua dozi. Siku hizi wengine wanaanza wao kabla sijakaa.

Mzee wa pweza alikuja Juni iliyopita. Sukari yake ilikuwa 9. Juni! Miguu nimeikagua yote miwili, unyayo mpaka katikati ya vidole, haina jeraha, na anavaa viatu vya plastiki mwambani kama alivyoahidi. Nikafungua kalenda nimpangie siku 30 kama kawaida ya kliniki. Akaniwekea mkono juu ya karatasi. "Siku hiyo ni maji mafu, mwanangu. Nipe siku tatu baada ya bamvua, nitakuwa nimeuza." Akahesabu kwa vidole, mwezi ungeandama lini, na boti ya kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, ingepata maji saa ngapi. Nikaiandika tarehe yake.