Hati ya fedha: noti ya dola yenye muhuri wa buluu

Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Kwenye hati ya fedha ya Marekani maana hizo mbili zilikaa juu ya karatasi moja. Ni noti iliyoanza kutolewa mwaka 1878, ikimhakikishia aliyenayo kwamba Hazina ya Marekani imeweka madini ya fedha yenye thamani ileile, naye akiidai atapewa. Sarafu za fedha zilikoma kutolewa Machi 1964. Baada ya hapo watu walipewa chembechembe za fedha, mpaka mlango huo nao ukafungwa tarehe 24 Juni 1968. Leo noti hizi bado ni pesa halali, ila kwa kiasi kilichochapishwa tu. Ukiambiwa bado zinadai madini, usikubali.

Kuitambua, soma kwanza maandishi ya juu upande wa mbele: Silver Certificate. Kisha tazama muhuri wa Hazina na namba za noti: vyote ni vya buluu. Muhuri wa kijani ni wa noti za Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani, zile tunazozijua sote. Mwekundu ni wa aina nyingine iitwayo United States Note. Kanuni hii ya rangi inafaa kwa noti ndogo zilizoanza kutumika 1929, za takriban milimita 156 kwa 66. Zile kubwa za zamani, takriban 189 kwa 79, zilikuwa na mihuri ya rangi mbalimbali, kwa hiyo kwenye hizo tegemea maandishi.

Vita Kuu ya Pili ilileta tofauti mbili. Noti ya dola moja iliyotengwa kwa ajili ya Hawaii ina muhuri wa kahawia na neno HAWAII kubwa mgongoni. Ile ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afrika Kaskazini ina muhuri wa njano. Sababu ilikuwa moja: adui akiziteka kwa wingi, serikali iweze kuzifuta bila kugusa dola nyingine.

Wengi hukosea kwenye mwaka. Mwaka ulioandikwa ni wa toleo, si wa kuchapishwa. Noti za toleo la 1935 zilichapishwa hadi miaka ya 1960, na herufi inayofuata mwaka mara nyingi iliongezwa sahihi za maofisa wa Hazina zilipobadilika. Matoleo ya dola moja ya 1935 na 1957 yamejaa kila mahali, na iliyochakaa huongeza kidogo mno juu ya dola yake. Kwenye toleo la 1928 herufi ndiyo inayoamua: C, D na E ni adimu, na E ndiyo adimu kuliko zote. Nyota mbele ya namba nayo huongeza bei, kwa kuwa noti hiyo ilichapishwa kuziba pengo la iliyoharibika kiwandani.

Hali ya noti ndiyo hupandisha au kuangusha bei kuliko chochote. Iinamishe chini ya taa ili mwanga uipitie kwa ubavu: mkunjo mmoja wa katikati, ambao macho hayakuuona, utajitokeza kama uzi. Kagua pembe nne kwa kioo cha kukuzia, kisha igeuze. Kwenye noti ambayo haijaguswa, alama za namba na muhuri huonekana zimebonyea hadi mgongoni. Ndiyo maana kuipiga pasi au kuiosha ni kuiharibu: mibonyeo hulala, karatasi hupoteza ukakamavu wake, na mnunuzi mzoefu hugundua papo hapo. Ihifadhi kwenye mfuko wa poliesta, si wa plastiki laini ya PVC, ambayo huvuja mafuta na kunata.

Mwisho, jihadhari na herufi nyekundu R au S upande wa kulia chini kwenye dola moja ya 1935A. Zilichapishwa mwaka 1944 kujaribu karatasi mpya, R ikiwa ya kawaida na S ya majaribio, 1,184,000 za kila aina. Matapeli hugonga herufi hizo kwenye noti za kawaida. Tazama namba: kwenye zote mbili lazima ianze na S na kuishia na C. Ikiwa na herufi nyingine, hapo hakuna cha kulipia zaidi.