Je, Watumiaji wa Linux Hawanunui Michezo?

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba kuhamishia mchezo wa kompyuta kwenye Linux, mfumo endeshi ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, ni kazi ya hasara, kwa kuwa watumiaji wa mfumo huo wamezoea vya bure. Dhana hiyo haina msingi. Mwaka 2010, mauzo ya kwanza ya Humble Indie Bundle, kifurushi cha michezo ya wasanidi huru, yalipomwachia kila mnunuzi ajipangie bei, wastani wa malipo ya watumiaji wa Linux ulizidi ule wa watumiaji wa Windows, na hata wa Mac. Uhuru wa kusoma na kurekebisha msimbo haumaanishi kukataa kulipa.

Ugumu wa kazi yenyewe pia hutiwa chumvi. Programu za kutengenezea michezo kama Godot, Unity na Unreal huweza kutoa toleo la Linux kutokana na mradi uleule, na SDL, maktaba ya msimbo uliokwisha kuandikwa, hushughulikia madirisha, sauti na vidhibiti; kinachomsumbua msanidi mara nyingi ni mambo madogo, kama vile majina ya faili, maana kwa kawaida Linux huhesabu "Picha.png" na "picha.png" kuwa faili mbili tofauti. Proton, programu iliyotolewa mwaka 2018 na Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, huendesha michezo mingi ya Windows bila msanidi kubadilisha chochote, kwa hiyo hata asiyekuwa tayari kuuhamisha mchezo wake anaweza kuanza kwa kuujaribu humo.